Mwili ukigoma njiani: kubana, kuuma, kuishiwa nguvu, ganzi na misuli kuchezacheza

Kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tunakutana nje ya Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma: karani wa wizara, mama mwenye genge, kijana wa bodaboda, wastaafu wawili ambao sijawahi kuwaona wakichelewa. Siku za kazi nafanya tiba ya viungo, Jumamosi nakimbia nao. Malalamiko ninayopokea ni yale yale, na mengi huanza na sentensi moja: "Mwalimu, mshipa umenishika."

Shida inaanzia kwenye neno hilo. Kwetu mshipa ni njia ya damu, mshipa ni neva inayopeleka amri, mshipa ni kano inayofunga msuli kwenye mfupa, na hata ngiri nayo huitwa mshipa. Vitu vinne, jina moja, na kila kimoja kina tiba yake. Nimeona mtu akikandwa msuli wiki nzima wakati kilichobanwa ni neva. Nimeona mwingine akimeza dawa za maumivu wakati alichokosa ni chakula cha jioni.

Basi ujue kwanza kinachotokea unapoinua mguu. Ubongo unatoa amri, inashuka kwenye uti wa mgongo, inaingia kwenye neva na kukimbia takriban mita 50 kwa sekunde mpaka kwenye msuli. Neva haigusani na msuli moja kwa moja. Hapo katikati kuna kijinafasi kidogo mno, na ujumbe huvushwa na kemikali iitwayo asetilikolini. Msuli ukiupokea, kalisiamu humwagika ndani yake, na nyuzi za protini, aktini na miosini, hushikana na kuvutana kama watu wanaovuta kamba mkono kwa mkono. Kila mvuto hulipiwa kwa ATP, sarafu ya nishati mwilini. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hata kuachia kunalipiwa. Maiti hukakamaa kwa sababu ATP imekwisha na nyuzi zimebaki zimeshikana.

Kwa hiyo hitilafu inaweza kuwa kwenye amri, kwenye msuli wenyewe, au kwenye mafuta ya kuuendesha. Jiulize: imeanza lini, ghafla au taratibu? Iko mguu mmoja au yote miwili? Ni maumivu, ni ganzi, au ni kukosa nguvu? Hayo matatu hayafanani. Mguu unaouma lakini una nguvu si sawa na mguu usiouma ambao hauinuki, na huo wa pili ndio unaonitia wasiwasi.

Msuli unabana ghafla na kuwa mgumu kama jiwe

Kigimbi ndicho kinachoongoza, kisha nyuma ya paja, kisha unyayo.

Sababu ya kwanza kwa wingi ni uchovu wa msuli huo. Umekimbia kwa kasi au umbali ambao hukuuzoea. Ndani ya msuli kuna vipokezi vinavyouambia uti wa mgongo "kaza", na kwenye kano kuna vingine vinavyosema "legeza". Msuli ukichoka, sauti ya kaza hupanda na ya legeza hufifia. Kuuvuta msuli huamsha vile vya kwenye kano, ndiyo maana husaidia. Kaa chini, nyoosha goti, shika vidole vya mguu uvivute kuelekea kwako, taratibu, ushikilie nusu dakika au zaidi mpaka usikie msuli unalegea wenyewe. Usiupige ngumi wala usimwache rafiki akukande kwa nguvu zake zote. Ukilegea, tembea, usirudi kwenye kasi ile ile siku hiyo.

Ya pili ni maji na chumvi. Hewa ya Dodoma ni kavu, hasa kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza, na jasho hukauka kabla hujaliona. Mtu ananiambia "mimi sitoki jasho" huku fulana yake nyeusi ina mistari myeupe ya chumvi mgongoni. Jipime uzito kabla na baada ya kukimbia: kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya maji. Kama unapoteza zaidi ya kilo moja, kunywa mchanganyiko huu badala ya maji matupu: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazishwa. Wala usijaze tumbo maji matupu lita kwa lita; sodiamu kwenye damu ikishuka sana mtu huumwa kichwa, hutapika na kuchanganyikiwa. Nayo ndizi ni chakula kizuri, lakini haifungui msuli uliokwisha kubana barabarani.

Ya tatu, dawa. Baadhi ya dawa za presha humfanya mtu akojoe sana na kupoteza chumvi. Mzee anayebanwa usiku kitandani baada ya kuanzishiwa dawa mpya arudi kwa aliyemwandikia, asiiache mwenyewe. Wajawazito nao hubanwa sana usiku, walitaje kliniki.

Acha kukanda, nenda hospitali siku hiyo hiyo: kigimbi kimoja tu kimevimba, kina joto na kinauma hata ukiwa umelala, hasa baada ya safari ndefu ya basi, upasuaji au kujifungua. Hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa wa damu, na ikichomoka huenda mapafuni.

Kesho yake huwezi kushuka ngazi

Wanaonijia na hili wengi walipanda vilima vya Chuo Kikuu wakajisifu, kisha wakateremka mbio. Kuteremka ndiko kunakoumiza. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja inakaza huku inavutwa kurefuka, inafanya kazi ya breki, na nyuzi zake hupata michubuko midogo midogo. Maumivu huanza baada ya saa kadhaa, hufika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha huisha.

Watu huilaumu asidi ya laktiki. Si yenyewe. Laktiki huondoka kwenye misuli ndani ya saa moja hivi baada ya kupumzika, nayo si takataka. Moyo wenyewe huitumia kama mafuta. Unachokisikia Jumatatu ni ukarabati.

Tiba ni rahisi: tembea, lala vya kutosha, kula maharage, dagaa, mayai au nyama ili mwili upate vifaa vya kujengea. Wiki ijayo teremka kidogo, si sana. Misuli hujifunza breki haraka kuliko unavyodhani. Mara ya pili maumivu hupungua. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni usizimeze ukiwa umekaukiwa maji. Hupunguza damu inayofika kwenye figo, na figo iliyokaukiwa haina akiba.

Lakini tofautisha na haya. Ukisikia mlio wa "tap" na kuhisi kama mtu amekupiga teke nyuma ya kisigino, geuka uone: kama hakuna mtu, huenda kano ya kisigino imekatika. Jaribu kusimama kwa ncha za vidole kwa mguu huo mmoja. Ukishindwa kabisa, usiukanyagie, nenda hospitali.

La pili ni mkojo. Misuli iliyoumia kupita kiasi humwaga protini yake kwenye damu, na mkojo hugeuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea au ya kola. Hii hutokea kwa mtu aliyerudi mazoezini baada ya muda mrefu akajilazimisha, au askari mpya kwenye mafunzo. Mkojo mweusi pamoja na misuli iliyovimba ni safari ya hospitali usiku huo huo, maana figo zinaweza kusimama.

Hapa ndipo vijana hunitajia John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 wa mwisho kabisa, goti lake limefungwa bandeji baada ya kuanguka. Nampenda Akhwari kama Mtanzania yeyote anavyompenda. Lakini yeye alikuwa kwenye mashindano ya Olimpiki, na wewe uko kwenye mazoezi ya Jumamosi. Goti likikataa, geuza urudi nyumbani.

Nguvu zinaisha katikati ya safari

Angalia saa yako zimeisha dakika ya ngapi, kwa sababu mwili una matangi matatu ya mafuta na kila moja lina muda wake.

Zikiisha ndani ya sekunde 10 hivi za mbio za nguvu, hiyo ni kawaida. Akiba ya haraka, ATP iliyopo pamoja na kreatini fosfeti, huishia hapo. Hujaugua. Inahitaji dakika tatu mpaka tano kujaa tena, kwa hiyo anayefanya mbio fupi apumzike kweli kati ya mzunguko na mzunguko.

Zikiisha kati ya dakika moja na mbili, miguu ikiwaka moto na pumzi ikiwa juu, umetumia tangi la pili, linalochoma sukari bila kusubiri oksijeni. Hapa kosa karibu kila mara ni kuanza kwa kasi. Jipime kwa kuongea: kama huwezi kumaliza sentensi nzima kwa jirani yako, punguza. Wageni kutoka Dar es Salaam huulaumu mwinuko. Dodoma ina takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Inaweza kukupunguzia kidogo, haiwezi kukusimamisha dakika ya pili.

Zikiisha baada ya saa moja na nusu au mbili, kichwa kikawa chepesi na miguu kama ya kuazima, uko kwenye tangi la tatu, lile la safari ndefu linalotumia oksijeni, na glaikojeni imekwisha. Hiyo ni sukari iliyohifadhiwa, kiasi cha gramu 400 kwenye misuli na 100 hivi kwenye ini. Mafuta ya mwilini bado ni mengi, ila huungua polepole, huwezi kukimbia nayo kwa kasi. Kagua mlo wa jana jioni kabla ya kukagua kitu kingine. Ugali wa uwele au mtama, wali, viazi vitamu, vyovyote vile, lakini viwe vya kutosha. Ukipita saa moja barabarani beba tende au zabibu kavu; tunaishi kwenye mji wa zabibu, hakuna sababu ya kununua pakiti za bei kubwa.

Alphonce Simbu, mzaliwa wa jirani zetu Singida, Septemba 2025 alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni jijini Tokyo kwa tofauti ya sekunde 0.03; yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda ule ule, 2:09:48. Baada ya kilomita 42 mtu bado alikuwa na mbio za mita za mwisho. Ukianza kwa kasi kubwa unaichoma glaikojeni mapema, na mwishoni tangi la pili, lile linalochoma sukari, linakuwa halina cha kuchoma.

Sasa, kama unachoka kila siku, hata dakika ya tano, hata ukienda polepole, acha kutafuta kosa kwenye kasi. Jibu la kwanza kwa wanawake ni upungufu wa damu. Bila hemoglobini ya kutosha oksijeni haifiki, na tangi la tatu, lile la safari ndefu, halifanyi kazi. Kagua ndani ya kope la chini na viganja: vikiwa vyeupe, kapime damu. Dagaa, maini, maharage na mlenda husaidia, na ubuyu pamoja na chakula husaidia madini ya chuma kunyonywa, wakati chai ya rangi pamoja na chakula huyazuia. Isogeze chai hiyo saa moja mbele. Lakini chakula peke yake hakitoshi kama chanzo ni minyoo, malaria au hedhi nzito. Dada mmoja wa kundi letu nilimsukuma mwezi mzima aongeze mazoezi kabla hajapima. Lile ni kosa langu, na tangu siku ile swali la damu linakuja kwanza.

Ukiwa na homa usikimbie. Usijaribu "kuitoa kwa jasho". Kapime malaria, na hata ikiwa ni mafua tu, subiri homa iishe, kwa sababu virusi vingine hushambulia msuli wa moyo. Kiu isiyoisha, kukojoa sana na kukonda pamoja na uchovu: pima sukari.

Simama mara moja: maumivu ya kifua, kuzimia, moyo kwenda ovyo. Na mwenzako akianza kuongea yasiyoeleweka juani, ngozi ikiwa ya moto, usimsubirie gari. Mweke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, huku wengine wakitafuta usafiri.

Ganzi, au mguu usioinuka

Hili nimelipitia mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kumsaidia mjomba kupogoa mizabibu Mpunguzi. Mizabibu yake ilikuwa mifupi, nikachuchumaa tangu alfajiri mpaka karibu saa tano. Niliposimama hakuna kilichouma. Nikapiga hatua, mguu wa kulia ukatua chini "pwa!" kama kandambili iliyokatika. Kisigino kiligusa ardhi lakini ncha ya mguu haikunisubiri. Mjomba akasema, "Mwanangu, umekanyaga kitu kibaya." Sikuwa nimekanyaga kitu. Pembeni ya goti, upande wa nje, chini kidogo ya kifundo cha mfupa unachoweza kukigusa kwa kidole, neva inapita juu ya mfupa ikiwa haina nyama ya kuilinda. Kuchuchumaa saa nyingi kuliibana. Ndiyo neva inayoinua mguu. Nguvu zilianza kurudi baada ya wiki mbili na zikakamilika baada ya wiki sita, nikifanya mazoezi ya kuinua mguu kila siku na nikivaa viatu vyenye kisigino imara ili nisijikwae.

Jipime hivi, bila kifaa chochote. Tembea kwa visigino hatua kumi, kisha kwa ncha za vidole hatua kumi. Ukishindwa visigino, neva hiyo ya pembeni ya goti au mzizi wake mgongoni una tatizo. Ukishindwa ncha za vidole kwa mguu mmoja, fikiria mzizi wa chini zaidi, au kano ya kisigino niliyoitaja.

Sababu kwa mpangilio wa wingi: kwanza mkandamizo wa mkao, yaani kuchuchumaa, kukunja nne, kulalia mkono. Kwa madereva wa bodaboda ni mikono. Ganzi ya kidole kidogo na nusu ya cha pete hutokana na kuegemea usukani kwa kiganja au kukunja kiwiko muda mrefu. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, inayowaamsha usiku, ni neva inayobanwa katikati ya kifundo cha mkono. Badilisha mshiko, simama kila nusu saa, usiku lala mkono ukiwa umenyooka. Pili, mgongo: maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni kupitia kalio mpaka chini ya goti, yakizidi ukikohoa. Endelea kutembea, usilale wiki nzima. Wengi hupona ndani ya wiki kadhaa. Tatu, magonjwa ya mwili mzima, na dalili yake ni ganzi ya nyayo zote mbili inayopanda kama soksi: kisukari, pombe nyingi, upungufu wa vitamini B12. Anayetumia dawa za kifua kikuu au za virusi vya Ukimwi akaseme kliniki, huenda anahitaji vitamini B6 au kubadilishiwa. Na ukiona baka la ngozi lililofifia rangi ambalo hata likichomwa na mwiba husikii maumivu, usione aibu: ukoma upo, unatibika, na dawa zake hutolewa bure.

Usisubiri kesho kama ganzi iko sehemu unayokalia, au umeshindwa kukojoa, au mkojo unatoka wenyewe. Mizizi ya chini ya uti wa mgongo imebanwa na inaweza kuhitaji upasuaji wa haraka.

Udhaifu unaokuja ghafla au unaopanda

Hapa hakuna mazoezi ya kufanya, nitakuwa mfupi. Upande mmoja wa mwili ukilegea, uso ukipinda, maneno yakikwama: ni kiharusi, mpeleke hospitali sasa, usimpe chakula wala maji. Miguu yote miwili ikianza kuishiwa nguvu na udhaifu ukapanda siku hadi siku, mara nyingi wiki chache baada ya kuharisha au mafua, kinga ya mwili huenda inashambulia neva. Hatari ni ukifika kwenye misuli ya kupumua. Na mtoto wa chini ya miaka 15 ambaye kiungo chake kimelegea ghafla lazima afike kituo cha afya na taarifa itolewe, kwa sababu choo chake kitapimwa virusi vya polio. Usimpeleke kwanza kuchanjwa chale.

Misuli kuchezacheza

Kope la jicho kucheza bibi zetu walisema ni mgeni anakuja, au ni machozi. Mara nyingi ni usingizi mdogo, kahawa nyingi na mawazo. Lala, punguza kahawa, subiri wiki mbili tatu. Vigimbi kucheza baada ya kukimbia ni neva zilizochoka zinazorusha cheche zenyewe, nazo hutulia. Msuli mmoja ukicheza kwa miezi huku unapungua nyama na nguvu, onana na daktari wa mishipa ya fahamu.

Kuna aina moja ninayoomba kila mkulima aijue. Kumbuka ile asetilikolini inayovusha amri. Kuna kimeng'enya kinachoifuta kila baada ya amri ili msuli ulegee. Baadhi ya dawa za kuulia wadudu shambani hukizima kimeng'enya hicho. Ndivyo zinavyomuua mdudu, na ndivyo zinavyomuua mtu. Aliyepulizia bila kinga, au aliyekunywa, misuli yake hucheza mwili mzima, mate na machozi hutiririka, mboni za macho huwa ndogo kama kichwa cha pini, kifua hubana, kisha misuli hulegea pamoja na ile ya kupumua. Vaa glavu kabla ya kumgusa. Mtoe kwenye hewa ya dawa, mvue nguo zote, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, usimtapishe. Hospitali wana atropini, dawa ya kupunguza makali ya sumu hiyo. Mkiondoka kwenda huko, bebeni na chupa ya dawa yenye lebo yake, imefungwa vizuri kwenye mfuko wa plastiki, mumpe muuguzi wa kwanza mtakayemkuta.